Nilipanga kazi za siku kwa kuangalia mabega, mstari wa shida nikauweka mwisho

Wakuu, salaam kwenu nyote, na kwa sisi wachache wa huku Uganda tunaosoma kimyakimya bila kuchangia.

Juzi kuna mdau alifungua uzi humu akiuliza kiongozi apange vipi kazi zake za siku ili asizame kwenye mambo yasiyo na maana. Nimesoma majibu yote. Watu wametoa mbinu nzuri. Andika usiku wa kuamkia, anza na lile gumu, zima simu, jiulize kila asubuhi uko pale kwa ajili gani. Nilitaka kuchangia palepale, nikaona mchango wangu ni mrefu na ni mchungu. Bora niufungulie uzi wake.

Nitakayosema ni kweli. Wallahi majina nimebadilisha na gereza silitaji, lakini hakuna nilichoongeza. Natamani kungekuwa na cha kupunguza.

Wale wa "nani atufupishie", piteni salama, hatugombani.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwanamke, miaka arobaini na kidogo, Mnubi wa Jinja. Baba alikuwa askari, na babu kabla yake, kwa hiyo Kiswahili nimekikuta nyumbani, sikufundishwa darasani. Huku kwetu ukianza kuongea Kiswahili kuna watu wanakuangalia mikono kwanza, kama umebeba bunduki. Nimezoea. Mume wangu na watoto wako Walukuba, hapo Jinja. Mimi kazi ndiyo inanizungusha.

Ni afisa wa magereza. Wakati wa haya nilikuwa OC, yaani mkuu wa gereza, kwenye gereza dogo la wanawake nje kidogo ya mji wa Mbale. Nyumba ya serikali niliyopewa ilikuwa imeezuliwa na upepo, nikapanga Namakwekwe, mtaa wa wachuuzi na vyumba vya kupanga, boda zinapita mlangoni toka alfajiri.

Sasa sikilizeni sifa yangu.

Nilikuwa hodari wa kupanga. Sisemi kwa majivuno, hata wakubwa walisema. Kwenye semina moja ya uongozi nilisimamishwa mbele nionyeshe wenzangu daftari langu. Kila siku ukurasa mmoja. Kazi zote zimepangwa, na ikifika jioni zote zina tiki. Wenzangu wakapiga picha.

Ila siri ya mpangilio ule mkufunzi hakuiuliza, na mimi sikuisema, kwa sababu kwetu sisi wa magwanda si siri. Unaangalia mabega. Kazi iliyotumwa na mwenye nyota nyingi inakaa juu. Inayofuata ni ya mwenye nyota pungufu. Halafu ya ofisi za wilaya, halafu ya wenzako, halafu ya walio chini yako. Ukipanga hivyo hakuna siku utapigiwa simu ukafokewa. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi sana na sikuwahi kufokewa, na hicho ndicho nilichokuwa nakiita nidhamu.

Mfungwa hana bega. Cheo chake hakipo. Kwa hiyo kwenye daftari langu shida ya mfungwa haikuwa na mahali pa kukaa mpaka mtu mwenye cheo aibebe.

Lakini palikuwa na mstari wa shida.

Niwaeleze kwa wasiojua. Asubuhi baada ya kuhesabu watu, wanawake wanakaa chini kwa mistari uwanjani. OC anapita mbele yao taratibu, anauliza, "Nani ana shida?" Mwenye shida anainua mkono, anasimama, anasema. Ndiyo nafasi pekee ambayo mfungwa anaongea na OC uso kwa uso, bila kupitia kwa koplo wala sajenti. Nyingine zote ni kuandikwa kwenye kitabu, na kitabu kinapanda ngazi.

Shida zenyewe mara nyingi ni ndogo. Sabuni. Fulani amenivutia mkeka. Jino. Nataka kujua kesi yangu lini. Inaweza kula nusu saa, siku nyingine saa nzima, na mwisho wake huna cha kutia tiki. Wenzangu wengi wanaona ni kupoteza muda. Mimi nilikuwa naufanya, lakini kusema kweli nilikuwa naufanya huku naangalia saa.

Na pale ofisini, ukutani nyuma ya kiti changu, palikuwa na karatasi tuliyoandika wenyewe kwenye semina ileile. Tuliambiwa kila mmoja aandike yuko kazini kwa ajili gani, kwa sentensi moja. Yangu ilisema: "Niko hapa kuwatunza watu niliokabidhiwa na kuwarudisha kwao wakiwa salama." Niliitia fremu kabisa. Iko nyuma ya kiti, kwa hiyo wageni walikuwa wanaisoma, mimi nikiwa nimeipa mgongo.

Haya. Ikaja barua kwamba kamanda wa mkoa atatutembelea Jumatano ya wiki inayofuata, ukaguzi kamili.

Aliyewahi kuvaa gwanda anajua maana yake. Mawe ya njiani yapakwe chokaa. Maua yapandwe hata kama mvua hakuna. Rejista zote zinakiliwe upya kwa mwandiko mmoja. Na juu ya hayo kamanda alitaka picha za maendeleo kila siku kwenye grupu la WhatsApp kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Wale wa magereza mengine wakituma picha na wewe hujatuma, jina lako linatajwa humo humo, kila mtu anaona.

Saa mbili na nusu. Mstari wa shida unaanza saa mbili.

Nikafungua daftari nikaandika, "Mstari wa shida: usitishwe mpaka baada ya ukaguzi. Shida ziandikwe kitabuni." Sikusita hata kidogo. Nakumbuka niliona nimefanya uamuzi wa busara.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Jioni ileile gari la mahakama likaleta watu wapya, mmoja wao mama tutakayemwita Nambozo. Mmasaba, miaka hamsini hivi, anauza mihogo ya kukaanga sokoni. Alikuwa amegombana na mwenzake wa meza ya jirani, meza ya mwenzake ikavunjika, wakampeleka polisi Jumanne, Jumatano mahakamani, na mahakama ikamleta kwangu asubiri kesi. Kesi ya kawaida kabisa, naona mia kama hiyo.

Aliyempokea ni koplo wangu mmoja, Akello, binti wa Lango, mtu wa maneno machache. Akachukua vitu vya Nambozo kama utaratibu unavyotaka. Kitambaa cha kichwa, simu ya tochi iliyokufa betri, ufunguo mmoja wa kufuli. Akaviweka kwenye bahasha, akaandika jina, vikaingia stoo. Kitu kikishaingia stoo hakitoki bila saini ya OC.

Nambozo akamwambia Akello, "Afande, huo ufunguo usiweke. Huo ni wa nyumba. Mama yangu iko ndani."

Naendelea wakuu, nilikwenda kuswali.

Mama yake alikuwa bibi wa miaka themanini na zaidi, akili ilishaondoka. Akitoka nje anapotea. Kwa hiyo Nambozo kila asubuhi alikuwa anamwachia chai na chakula, anamfungia chumbani kwa kufuli, anakwenda sokoni, anarudi jioni. Watu wa mtaa walijua. Bibi alikuwa anakaa dirishani kwenye nondo anawasalimia wapita njia kwa Kimasaba, "Mulembe, mulembe," siku nzima. Mtaa mzima walikuwa wanamwita Kukhu, yaani bibi.

Mnisome vizuri hapa. Nambozo alitoka nyumbani Jumanne asubuhi akafunga kufuli kama kila siku. Hakurudi.

Kule polisi aliwaambia habari ya mama yake. Wakamjibu atasema huko anakokwenda. Mahakamani hakupewa nafasi. Kwetu akamwambia Akello, na Akello akafanya kila ambacho koplo anaruhusiwa kufanya. Aliandika kitabuni usiku uleule, na Alhamisi asubuhi kitabu kikawa mezani kwangu.

Na mimi nikakiweka chini ya rejista. Si kwamba nilikisoma nikapuuza. Sikukifungua. Kitabu cha shida hakina nyota.

Alhamisi asubuhi watu walikaa kwenye mistari kama kawaida. Nikatoka na simu, nikapiga picha ya mawe yaliyopakwa chokaa, nikarudi ndani. Akello aliniambia baadaye kwamba nilipopita Nambozo alikuwa ameinua mkono, na akaendelea kuuinua mpaka mlango wangu ukafungwa. Mimi sikuona. Nilikuwa natafuta pembe ambayo jua haliingii kwenye kamera.

Ijumaa hivyohivyo.

Jumamosi Akello akasimama mlangoni kwangu, akapiga saluti.

"Afande, kuna yule mama wa mihogo."

"Koplo, ni shida?"

"Ni shida, afande."

"Umeandika?"

"Nimeandika, afande."

"Basi."

Akapiga saluti akaondoka. Najua kuna mtakaosema, huyo koplo kwa nini asingesema tu? Jamani. Kwetu ukishaambiwa "basi" na mkubwa, mambo yameisha. Ukirudia unaitwa mkaidi, na ukaidi unaandikwa kwenye faili lako. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha hivyo. Na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kutoka, maana likizo zote nilikuwa nimezifuta, askari wote walikuwa wanapaka chokaa.

Kuna mdau hapo chini ameuliza, "Majirani walikuwa wapi?" Swali zuri. Nimekuja kuongea nao baadaye, nawaeleza nilivyoelezwa.

Jumanne usiku waliona Nambozo amechelewa tu. Jumatano bibi yuko dirishani anasalimia kama siku zote, nani atajua? Mama mmoja akampitishia chai kwenye nondo. Alhamisi harufu ikawa mbaya, mwenye nyumba akaja akavunja kufuli. Wakamwogesha bibi, wakampa uji. Habari ya sokoni ilikuwa imewafikia nusunusu, wengine wakisema Nambozo amekimbia, wengine amefungwa, hakuna aliyejua wapi. Wakawa wanamlinda bibi kwa zamu. Ni watu wanaotafuta riziki, lakini walijitahidi kuliko mimi niliyelipwa kwa kazi hiyo.

Jumapili watu wakaenda kanisani. Aliyebaki naye akaingia jikoni kidogo kukoroga uji. Kutoka, Kukhu hayupo.

Naomba niandike na hili ingawa linaniuma kuliko yote.

Huku mitaani kuna vipaza sauti vinafungwa juu ya mlingoti, watu wanaviita kizindaalo. Asubuhi kabla watu hawajakwenda kazini vinatangaza kila kitu: mnada, msiba, ng'ombe aliyepotea, dawa za panya. Jumatatu asubuhi nilikuwa Namakwekwe, napiga pasi sare yangu, daftari liko wazi kitandani, napanga siku. Kizindaalo kikaanza: amepotea bibi mzee, amevaa gomesi ya kijani, hana viatu, anasalimia watu, atakayemwona ampeleke kwa mwenyekiti wa mtaa.

Nilikwenda nikafunga dirisha. Kelele zilikuwa zinanipotezea mpangilio.

Chumba cha Nambozo kilikuwa mitaa mitatu kutoka kwangu. Boda yangu ya kila asubuhi ilikuwa inapita mbele ya dirisha lile. Inawezekana alishanisalimia huyo bibi. Sijui. Kila siku kwenye boda nilikuwa nasoma grupu.

Jumatano kamanda akaja.

Kila kitu kilikwenda sawasawa. Gwaride safi, mawe meupe, rejista mwandiko mmoja. Alikuwa anatabasamu. Mwisho, kama desturi ya wageni, akasimama mbele ya wanawake waliokaa kwenye mistari, akauliza kwa ile sauti ya sherehe, "Akina mama, mna shida yoyote?"

Jibu la siku ya ukaguzi linajulikana. Tulishalifanyia mazoezi. "Hakuna shida, afande!"

Wakajibu wote. Halafu mkono mmoja ukainuka.

Nambozo akasimama. Hakulia. Alisema polepole, kama mtu aliyerudia maneno hayo kichwani mara nyingi sana.

"Afande mkubwa, mimi nilifungia mama yangu ndani ya nyumba na kufuli. Ufunguo iko hapa, stoo ya gereza. Leo ni siku ya tisa. Mama yangu hajui kufungua. Naomba mtu moja tu aende afungue mlango."

Wenzake wakamgeukia.

Kamanda akanigeukia. "OC, unalijua hili?"

Wakuu, nimesema nitasema kweli. Nilikuwa na sekunde mbili. Ningeweza kusema, "Hapana afande, sijui, sikuuliza." Badala yake mdomo wangu ukafanya ulichozoea kufanya mbele ya nyota.

"Ndiyo, afande. Linashughulikiwa."

"Vizuri sana," akasema, akaendelea na safari yake. Akaenda kuona jikoni.

Nikamtazama Nambozo. Alikuwa bado amesimama, na uso wake, niseme nini, ulikuwa umelegea kwa furaha. Aliniamini. Alikaa chini akamshika mkono mwenzake wa pembeni. Kwa saa tatu nzima, mpaka msafara ulipoondoka, yule mama alikaa akijua mama yake ameshafunguliwa.

Gari la kamanda lilipotoka getini nilikimbia stoo, mimi mwenyewe na nyota zangu. Nikasaini, nikachukua ufunguo, nikamwita Akello, tukapanda boda moja wote wawili. Njiani ndipo Akello akanisimulia yote. Nilimuuliza, "Mbona hukuniambia?" Nikajisikia mjinga hata kabla sijamaliza swali.

Kufika, mlango uko wazi, kufuli limevunjwa liko chini. Chumba kimefagiliwa. Mwenye nyumba akatueleza, na wakati anaeleza nikaelewa kwamba yule bibi wa kwenye kizindaalo ndiye huyu.

Tulitafuta jioni yote. Niliwatoa askari wote niliokuwa nao nje ya zamu, wale wale niliowafutia likizo wapake mawe. Tuligawana njia. Alhamisi asubuhi watu wanaolima mpunga kule mabondeni wakamkuta kwenye mfereji wa maji. Walisema alikuwa ameshakaa humo siku moja au mbili. Hata kama ni mbili, Jumatatu niliyofunga dirisha alikuwa hai.

Nilimwambia Nambozo mwenyewe. Hilo angalau sikumtuma mtu.

Ruhusa ya kwenda kuzika niliipata kwa nusu siku. Nilipiga simu, nilisisitiza, nilikaa kwenye mlango wa ofisi ya watu mpaka wakasaini. Nilikuwa sijui kwamba naweza kufanya kazi kwa kasi ile kwa ajili ya mtu asiye na cheo. Nikajua siku ya maziko.

Baada ya wiki kama mbili nikamwita ofisini. Nikampa kiti, jambo ambalo kwetu halifanyiki. Nilitaka kuomba msamaha, na kama binadamu nilitaka pia kujitetea kidogo. Nikamwambia, "Mama, sikujua. Haki ya Mungu shida yako haikunifikia. Kitabu sikukifungua."

Akaniangalia usoni.

"Afande," akasema, "mimi siku zile zote nilijua wewe umesikia, umekataa. Nilikuwa nasema, huyu ni mtu mgumu, lakini anajua. Mtu anajua anaweza badilika. Nilikuwa nakuombea Mungu kila siku ubadilike." Akasimama. "Kumbe nilikuwa naombea mtu hayuko. Afadhali ungekataa."

Akaomba ruhusa arudi kwa wenzake. Nikampa.

Mwezi uliofuata mwenzake wa sokoni aliondoa mashtaka, Nambozo akatoka. Ni meza tu ilikuwa imevunjika. Sijui yuko wapi sasa. Sokoni hayupo, nimeuliza.

Mnataka kujua mimi nilifanywa nini? Nilipewa barua ya pongezi. Gereza letu lilikuwa la kwanza kwa usafi na kumbukumbu. Niliandika maelezo ya kilichotokea, kurasa nne, nikajitaja mwenyewe kwa jina bila kumtupia koplo lawama, nikayapeleka juu. Hayajajibiwa mpaka leo. Nadhani yako kwenye meza ya mtu chini ya kitu chenye nyota. Badala yake ikaja barua ya uhamisho, gereza kubwa zaidi upande wa Jinja, karibu na nyumbani. Mume wangu akachinja kuku. Majirani wa Walukuba wakaja kunipa hongera, nikazipokea.

Daftari nililiacha Mbale. Ile fremu nayo.

Hapa Jinja nimebadilisha mpangilio, na hiki ndicho nilichotaka kumjibu yule mdau. Kazi ya kwanza ya siku ni mstari wa shida. Kabla ya simu, kabla ya grupu, kabla sijajua nani mkubwa anataka nini. Simu inabaki ofisini kwenye droo. Picha nikichelewesha nafokewa, na nimeshafokewa mara kadhaa, sasa najua kufokewa hakuui mtu. Ukitaka kujua kitu gani kianze, acha kuuliza kimetumwa na nani. Uliza kisipofanyika leo nani ataumia, na je, huyo mtu ana njia nyingine ya kukufikia? Kama njia yake ni wewe tu, anza na yeye. Hilo ndilo somo, mimi sina lingine. Limenigharimu kidogo sana, kuna mwingine aliyeligharamia.

Ningependa niishie hapo, iwe hadithi ya mtu aliyejirekebisha. Lakini niliahidi ukweli.

Huu ni mwezi wa tano niko hapa. Kila asubuhi napita mbele ya mistari, polepole, bila saa mkononi. Nauliza, "Nani ana shida?" Nangoja. Narudia kwa Kisoga, narudia kwa Kiganda.

Wanajibu wote kwa pamoja, "Hakuna shida, afande."

Miezi mitano, hakuna aliyeinua mkono. Wanawake wanahamishwa gereza hadi gereza, na habari zinahama nao. Wapo hapa waliokuwa Mbale siku ile, waliomsikia Nambozo akiomba, wakanisikia mimi nikijibu. Wamewaambia wenzao. Sina haki ya kuwalaumu.

Wiki iliyopita nilimwona binti mmoja wa Buwenge, mguu umevimba kama mgomba, hawezi kukanyaga. Nikachuchumaa mbele yake. Nikamuuliza kwa upole, "Mwanangu, mguu una nini?" Akatazama chini.

"Hakuna shida, afande."

"Unauma?"

"Tumezoea kumwambia Mungu, afande."

Nilimpeleka hospitali mwenyewe, sasa anaendelea vizuri. Lakini nilimpeleka kwa sababu uvimbe unaonekana. Yale yasiyoonekana, yaliyofungiwa huko majumbani kwao, nani ataniambia? Asubuhi nikisimama pale najua kwa hakika kwamba kati ya hawa yupo Nambozo mwingine, ananitazama, na amenyamaza. Sijui nifanye nini ili aseme. Nimejaribu kila kitu ninachokijua, na nimekata tamaa, nasema wazi.

Wakuu mlio viongozi, wa ofisi, wa shule, wa makanisa na misikiti, wa kampuni, nisaidieni. Watu wakishajifunza kwamba kukuambia hakuna faida, wanarudishwaje? Kuna aliyewahi kufanikiwa?

Karibuni uwanjani. Ushauri, maswali, hata matusi, nitasoma yote na sitamjibu mtu vibaya. Atakayenitukana nitamshukuru, maana atakuwa ameniambia kitu.